Mgonjwa asiyeweza kusema: Ni wewe unayehitaji mafunzo

Na MWANDISHI WETU

MZEE amerejea nyumbani kutoka hospitalini, wiki tatu baada ya kupatwa na kiharusi. Ameketi sebuleni kwa mwanawe, mkono wa kulia umelala pajani bila nguvu. Maneno yamempotea. Anaelewa sehemu kubwa ya yale yanayosemwa na anawatambua watu wote, lakini akifungua kinywa hutoka neno moja, lile lile, au sauti isiyoeleweka.

Majirani wanaingia kumjulia hali. Wanampa mkono, wanasubiri kidogo, kisha wanamgeukia mkaza mwana wake. "Mzee amekula?" "Usiku analala?" "Dawa anakunywa?" Maswali yote yanamhusu mzee na majibu yote yanatolewa na mtu mwingine, ilhali mwenyewe yupo papo hapo akisikia.

Nyuma ya mlango, kwenye msumari, kumetundikwa ubao wa kadibodi wenye picha za maji, chakula, choo, kitanda na dawa. Familia ilipewa ubao huo hospitalini siku ya kuondoka. Ulitumiwa siku mbili ukaachwa. Ukiuliza sababu utajibiwa: "Tulijaribu, lakini hawezi kuutumia."

Nyumba hii ni ya mfano tu, lakini wasomaji wengi watakuwa wamewahi kuketi katika sebule kama hiyo, na huenda wao wenyewe ndio waliouliza kama mzee amekula.

Aghalabu si mgonjwa aliyeshindwa kuutumia ubao. Walioshindwa ni wale wanaozungumza naye, na wameshindwa kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Kushindwa huko kuna gharama kubwa. Mgonjwa asiyeweza kueleza panapomuuma anaweza kutibiwa maradhi yasiyo yake. Mtoto anayedhulumiwa anakosa pa kusemea. Mtu mzima mwenye akili timamu hukatiwa shauri kuhusu shamba lake, pesa zake na matibabu yake bila kuulizwa lolote.

Kusema bila mdomo

Wataalamu wana jina la jumla la mbinu zinazomsaidia mtu ambaye kinywa chake hakimtoshi: njia saidizi na mbadala za mawasiliano. Ni saidizi zinapoongezea nguvu usemi mdogo uliopo, na ni mbadala zinapochukua mahali pa usemi uliokosekana kabisa.

Baadhi ya njia hizi hazihitaji kifaa chochote: kutazama kwa macho, kutikisa kichwa, ishara za mikono. Nyingine hutumia vitu rahisi kama kadi, kitabu cha picha au ubao wenye herufi. Siku hizi zipo pia programu za simu na kompyuta ambazo mtu hugusa picha na sauti ikatoka.

Wanaozihitaji ni wengi kuliko tunavyodhani. Wapo watoto wenye mtindio wa ubongo, hali ambayo inaweza kusababishwa na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa watoto wachanga, au ugonjwa wa utando wa ubongo. Wapo wenye usonji. Wapo waliopatwa na kiharusi, walioumia kichwa katika ajali za barabarani, na wagonjwa mahututi waliowekewa mrija wa kupumulia kooni, ambao hawawezi kutoa sauti hata kama akili yao iko macho.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1949 Charles Bliss, mzaliwa wa dola ya Austria-Hungary aliyehamia Australia, alichapisha mfumo wa alama alioukusudia uwe lugha ya maandishi ya mataifa yote. Ndoto hiyo haikutimia. Hata hivyo, mwaka 1971 Shirley McNaughton na wenzake katika kituo cha watoto walemavu mjini Toronto, Canada, waliuchukua mfumo huo na kuwapa watoto wenye mtindio wa ubongo. Watoto waliodhaniwa hawana la kusema wakaanza kuzungumza kwa kuonyesha alama. Kufikia mwaka 1983 wataalamu, watumiaji na familia zao walikuwa wameunda chama cha kimataifa cha kushughulikia mawasiliano ya aina hii.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, mafunzo yalielekezwa upande mmoja. Mgonjwa alipewa ubao, akafundishwa kuonyesha picha, kisha akarudishwa kwa watu wasiojua la kufanya naye. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mazungumzo nayo ni kazi ya watu wawili, na ukimfundisha mmoja umefanya nusu ya kazi.

Mwezi badala ya miwani

Mfano ulio maarufu zaidi ni wa Mfaransa Jean-Dominique Bauby, aliyekuwa mhariri wa jarida la mitindo la Elle. Mnamo Desemba 1995 alipatwa na kiharusi kilichompooza mwili mzima. Alibaki na ukope wa jicho la kushoto tu. Akili yake ilikuwa timamu kabisa.

Mtaalamu wa usemi katika hospitali ya Berck alibuni utaratibu rahisi. Herufi zilipangwa kuanzia ile inayotumika zaidi katika Kifaransa hadi ile inayotumika kidogo zaidi. Mtu alimsomea Bauby herufi hizo moja baada ya nyingine, naye alipepesa jicho ilipofika aliyoitaka. Kwa njia hiyo, akisaidiwa na Claude Mendibil aliyekaa kando ya kitanda akiandika, alitunga kitabu kizima. Kilichapishwa Machi 1997, naye akafariki siku chache baadaye.

Kwa Bauby hakukuwa na mashine yoyote. Mashine ilikuwa ni yule aliyeketi mbele yake. Katika kitabu hicho anaeleza jinsi wageni wake walivyotofautiana. Wengine walikata tamaa mara tu walipokosea. Wengine walisubiri hadi herufi ya mwisho bila kubahatisha chochote. Wengine walikimbilia kukisia. Siku moja alitaka miwani, ambayo kwa Kifaransa ni "lunettes". Msikilizaji alipopata herufi nne za mwanzo alidhani neno limekwisha, akamwuliza anataka kuufanyia nini mwezi, kwani "lune" ni mwezi.

Kwa Kiswahili kosa kama hilo ni rahisi vilevile. Mgonjwa anayeanza kutaja "majirani" ataletewa bilauri ya maji kabla hajafika katikati ya neno, na akiisukuma itasemwa kwamba amekuwa mkaidi. (Anayetaka kuandaa ubao wa herufi kwa Kiswahili aanze na A. Ndiyo inayojitokeza zaidi katika lugha yetu.)

Mwanafizikia wa Uingereza Stephen Hawking pia, alipopoteza sauti mwaka 1985 baada ya kutobolewa koo, alianza kwa kuinua nyusi pale mtu alipogusa herufi aliyoitaka kwenye kadi. Kompyuta iliyompa umaarufu ilikuja baadaye.

Ushahidi wa Toronto

Je, kumfundisha msikilizaji kunaleta tofauti, au ni maneno matamu tu? Mwaka 2001 Aura Kagan na wenzake mjini Toronto walitoa matokeo ya uchunguzi wao kuhusu watu wenye afasia, yaani waliopoteza uwezo wa lugha kwa sababu ya ubongo kudhurika. Watu 40 waliojitolea waligawanywa mara mbili. Ishirini walifundishwa namna ya kuzungumza na mwenye afasia. 20 waliobaki walipewa tu nafasi ya kukutana na wagonjwa.

Waliofundishwa walizungumza vizuri zaidi, jambo ambalo lilitarajiwa. La kushangaza ni kwamba wagonjwa waliozungumza na kundi hilo walionekana kumudu mazungumzo na kufikisha ujumbe vizuri zaidi, ingawa wao wenyewe hawakufundishwa lolote. Uwezo walikuwa nao tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kuufungulia mlango.

Mafunzo hayo yalikuwa na nguzo mbili. Ya kwanza ni kumwonyesha mgonjwa kwamba unajua ana akili zake. Hata kusema "Najua unajua unachotaka kusema" humpunguzia uchungu. Ya pili ni kumpa njia ya kuyatoa yaliyomo ndani: karatasi, kalamu, picha, ramani, saa ya ukutani, kalenda.

Mtoto hajifunzi lugha asiyoiona

Kwa watoto, kosa kubwa ni la aina nyingine. Mtoto wa kawaida husikia maneno karibu mwaka mzima kabla ya kutamka neno lake la kwanza, na hakuna mzazi anayekasirika kwa kungoja. Lakini mtoto asiyesema hupewa ubao leo na kutarajiwa autumie kesho, ilhali hajawahi kumwona mtu yeyote akiutumia.

Dawa yake ni mzazi mwenyewe kuugusa anapozungumza. Ukisema "Tunakwenda dukani", gusa picha ya kwenda, kisha ya duka. Ukisema "Chai ni moto", gusa chai, gusa moto. Fanya hivyo siku nyingi bila kumlazimisha mtoto akuige. Hivyo ndivyo tulivyojifunza sote lugha za mama zetu.

Nchini Marekani, Cathy Binger na Jennifer Kent-Walsh wamewafundisha wazazi na wasaidizi wa walimu kusoma vitabu vya hadithi kwa mtindo huo: msomaji husoma sentensi huku akigusa picha, hunyamaza akisubiri, asipopata jibu huuliza swali huku akigusa picha, husubiri tena, na mwishowe hujibu mwenyewe kwa picha. Kisha hufungua ukurasa unaofuata.

Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto akizoea picha atakuwa mvivu wa kusema. Hofu hiyo haina msingi. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2006 na Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser iliangalia watu 27 waliofundishwa njia hizi. Asilimia 89 waliongeza usemi wao, waliobaki hawakubadilika, na hakuna hata mmoja aliyepungukiwa.

Mambo ya kujifunza

Mengi yanayofundishwa hayahitaji pesa. Yafuatayo ndiyo ya msingi:

Zima redio na runinga, kisha keti mbele yake, macho yenu yawe sawa. Anayezungumziwa kutoka juu au kutoka jikoni hana nafasi ya kujibu.

Ngoja. Baada ya kuuliza, hesabu moyoni hadi kumi, na kwa wengine hadi 20. Kimya kinatuchoma sisi tunaosema, kwa hiyo tunakijaza kwa swali jingine kabla la kwanza halijajibiwa. Mwenye mtindio wa ubongo huenda anahitaji muda huo wote kuinua mkono tu.

Tafuteni "ndiyo" na "la" ya hakika. Inaweza kuwa kutazama juu, kukaza kidole au kufumba macho. Ipime kwa maswali ambayo majibu yake unayajua. Baada ya kiharusi baadhi ya wagonjwa hutikisa kichwa kukataa ilhali wanakubali. Kwao andika maneno hayo mawili kwenye karatasi, au tumia kidole gumba juu na chini.

Usigeuze mazungumzo kuwa mtihani. "Nionyeshe kikombe kiko wapi" si mazungumzo, kwani kikombe unakiona. Mwulize jambo ambalo kweli hulijui: anamtaka nani aje Jumapili, anaonaje kuhusu nyumba mpya.

Mrudishie ulichoelewa. Akigusa "mimi", "kwenda", "kanisa", usimdai viambishi vya sarufi. Mwambie: "Unataka kwenda kanisani?" kisha ungoje akubali au akatae.

Omba ruhusa kabla ya kukisia. Wako wanaopenda kumaliziwa neno ili wapumzike, na wako wanaochukizwa nalo. Mwulize mara moja, ukumbuke jibu.

Usijifanye umeelewa. Kuitikia "ndiyo, ndiyo" huku hujui kilichosemwa ni kumdharau, naye hulitambua hilo mara moja. Sema: "Sijakuelewa, tujaribu tena."

Kusoma orodha kama hii hakutoshi. Anayefundisha humwonyesha mlezi kwa vitendo, humwacha ajaribu mbele yake, humsahihisha, kisha humtuma akajaribu nyumbani. Njia moja nzuri ni kujirekodi kwa simu mkizungumza kwa dakika tano, kisha mkatazama pamoja. Wengi hushtuka wanapoona kwamba walizungumza wao muda wote.

Ubao uwe na maneno gani?

Ubao wa mzee wetu ulikuwa na maji, chakula, choo, kitanda na dawa. Huo ni ubao wa mtu wa kuhudumiwa tu. Mwaka 1988 Janice Light alieleza kwamba binadamu huwasiliana kwa sababu nne: kuomba anachohitaji, kupeana habari, kujenga uhusiano na wenzake, na kutimiza adabu za kijamii kama salamu na shukrani. Mbao nyingi huishia kwenye sababu ya kwanza.

Ongeza basi salamu, asante na pole. Ongeza majina na picha za watu wake, timu anayoshabikia, soko, matatu, kanisa au msikiti. Ongeza "nina swali", "si hivyo", "acha", "nimechoka", "unanichekesha", na "neno ninalotaka halipo hapa". Hili la mwisho ni la lazima, kwa maana bila hilo mtu hubaki amefungwa ndani ya maneno uliyomchagulia wewe.

Weka pia mchoro wa mwili mzima, sehemu za siri zikiwemo, na maneno kama "inauma", "amenigusa" na "naogopa". Wazazi wengine huona haya. Lakini wanaodhulumu watoto hupendelea wasioweza kusema, na mtoto ambaye ubao wake hauna maneno hayo hatakuwa na njia ya kuripoti.

Picha ziwe za kwetu. Baadhi ya zinazoletwa kutoka ng'ambo zina vyakula na nyumba ambazo mtoto wa Kayole au Likoni hajawahi kuziona. Piga picha kwa simu: sufuria yenu, jiko lenu, nyanya yake. Na kwa kuwa picha haina lugha, familia yaweza kuutumia ubao huo huo kwa Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo au Kiingereza, mradi mtoto aongeleshwe kwa lugha ya nyumbani.

Msaada uko wapi?

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache humu nchini, na wengi wao wako mijini. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwafundisha wazazi, yaya, walimu, wauguzi na ndugu. Katika Kaunti ya Kilifi, Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao waliwatembelea walezi wa watoto wasiosema na kuwafundisha nyumbani mwao, kwa kutumia zaidi vifaa visivyo ghali. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, walezi walieleza kwamba mawasiliano ya watoto wao yalikuwa yameimarika.

Mzazi anayetaka kuanza anaweza kwenda katika vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, maarufu kama EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, au katika Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE) iliyoko Kasarani, Nairobi. Hospitali kubwa za kaunti pia zina wataalamu wa tiba ya utendaji ambao wanaweza kusaidia. Kabla ya yote, mtoto asiyesema apimwe masikio na macho. Na mtu mzima anayepoteza usemi ghafla akimbizwe hospitalini saa hiyo hiyo, kwani hiyo ni dalili ya kiharusi.

Sheria nayo iko upande wao. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine zinazomfaa za mawasiliano. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za walemavu, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka 2008, unazitaja waziwazi njia saidizi na mbadala. Kwa hivyo daktari, karani wa benki au afisa wa polisi anayemwuliza msindikizaji badala ya mwenyewe anamnyima mtu huyo haki yake.

Lakini haki hiyo huanzia sebuleni. Ondoa ubao kwenye msumari na uuweke karibu na mkono wa mzee ulio na nguvu. Jirani akiingia na kuuliza "Mzee amekula?", mwambie kwa upole: "Mwulize mwenyewe, kisha ungoje kidogo."